Kikombe cha Musherekha

Nilistaafu uuguzi nikiwa na magoti mabovu na pua ambayo bado haijaambiwa kwamba kazi imeisha. Hata leo nikiketi kanisani karibu na mtu, najikuta nanusa pumzi yake. Sukari ikizidi sana mwilini na kukaa bila dawa, pumzi hutoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na ukishaizoea harufu hiyo huwezi kuipuuza. Juzi nilimgeukia mama mmoja katikati ya mahubiri nikamwuliza kama siku hizi anakojoa sana. Hajaketi karibu nami tena.

Nyinyi mnaoanza kazi sasa mna mashine ya kusoma kila kitu, na ni vizuri. Sisi tulianza na pua, macho na vidole. Nimekaa kuwaandikia niliyoyaona kwa watu wazima wenye sukari, presha na figo, nilipokuwa Kitale na baadaye Bungoma, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Majina ya hospitali nitayaacha. Mtanivumilia nikirukaruka, maana kuna jambo moja lililonifanya nishike kalamu, na nikiwa mkweli, naliogopa. Nitazunguka kidogo kwanza.

Chuo kilinipa cheti, lakini aliyenifundisha kazi ni Bwana Lokwang, afisa wa kliniki kule Kitale, mtu mrefu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari na kutudharau sisi tuliotia vijiko vitatu. Wagonjwa walimwita daktari na yeye hakuwasahihisha. Mwanzoni nilimchukia. Alikuwa na tabia ya kukuuliza swali mbele ya mgonjwa, na ukishindwa anamgeukia mgonjwa na kumwambia, "Pole mzee, sista bado anasoma."

Asubuhi moja aliletwa kibarua kutoka Kibomet, mwanamume wa miaka arobaini hivi, amebebwa na wenzake wawili wa kazi ya mjengo. Midomo ilikuwa imekauka, anatapika, na anavuta pumzi ndefu za nguvu. Wenzake walisema ni malaria, maana wiki nzima alilalamika kiu na uchovu. Nami nikaandika malaria, nikatundika dripu ya kwinini, nikajiona nimefanya kazi. Siku hizo kwinini tuliichanganya na maji ya glukosi.

Bwana Lokwang alisimama miguuni pa kitanda akamtazama yule mtu kwa muda mrefu.

"Sista Rodah, huyu anapumua kama mtu amekimbia kutoka Kapenguria. Amekimbia saa ngapi?"

"Hajakimbia, daktari. Ameletwa."

"Sasa kama hajakimbia, mbona anahema? Na hiyo chupa umemwekea, ndani kuna nini?"

Nilisoma kibandiko cha chupa kwa sauti, na nilipofika kwenye neno glukosi nikalirudia. Vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo tulichemsha mkojo wake na ile dawa ya buluu kwenye mrija, kama tulivyofundishwa zamani. Ukibaki buluu, hakuna sukari. Wake uligeuka rangi ya tofali kabla sijahesabu hadi kumi. Mwili uliokosa insulini ulikuwa unachoma mafuta yake wenyewe, damu imekuwa kali kama siki, na mapafu yanahangaika kuitoa ile asidi. Ndiyo maana alihema. Nami nilikuwa namwongezea sukari kwa mshipa. Tulitoa ile dripu, tukamwekea maji ya chumvi na insulini, na siku ya tano alitoka wodini kwa miguu yake. Alinishukuru sana mlangoni. Sikujua niangalie wapi.

Mwingine alikuwa nyanya wa familia ya Kisikh waliokuwa na duka la vipuri mjini. Alikuja amezimia, sukari imeshuka karibu na sifuri. Tulimdunga glukosi, akafungua macho, na neno lake la kwanza likawa kumgombeza mwanawe kwa kuingia wodini na viatu vya tope. Tulicheka wote. Nilikuwa nimeshaandika aende nyumbani, lakini saa nane mchana akazimia tena, na kesho yake asubuhi tena. Bwana Lokwang akaagiza apimwe figo, na figo zilikuwa zimechoka kabisa.

"Figo ni mlango wa nyuma," aliniambia. "Kidonge chake cha sukari kilitakiwa kutoka na mkojo. Mlango umefungwa, kimekaa ndani, na huyu kijana wake kila asubuhi anamwongezea kingine. Mtu wa figo ukimpa kitu chochote, jiulize kitatokea wapi."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Nawaambia hili mjue kwamba sikukosa kufundishwa.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, nikapewa kliniki ya sukari na presha, kila Jumanne. Bwana Lokwang hakuweko tena wa kuniuliza maswali, na hapo ndipo nikawa mkubwa. Nilikuwa mzuri, sitaficha. Niliwafundisha watu wasio na friji kuweka insulini ndani ya kopo, na kopo ndani ya chungu chenye maji, mahali penye kivuli. Nilijua kutazama viatu kabla ya kufungua faili. Mtu akija amelegeza kamba za viatu, miguu imevimba. Akija amevaa suti na ndala, imevimba zaidi, na maji hayatoki mwilini.

Mwalimu Barasa alikuja na suti na ndala. Alifundisha shule ya msingi huko Bokoli, mtu wa miaka hamsini na miwili, na sukari alikuwa nayo kwa muda mrefu. Kila Jumanne alikuja na mkewe, Mama Nanjala, mwanamke mfupi wa maneno machache aliyebeba faili la mumewe ndani ya mfuko wa nailoni, limekunjwa vizuri kuliko mafaili yetu. Tulipompima tukakuta figo zimeanza kushindwa. Daktari alimwandikia enalapril, kidonge cha presha, na kumkataza chumvi. Mwalimu alitii kama askari kwa wiki mbili, kisha akaacha kula.

"Sista, huyu mtu atanifia na njaa," Mama Nanjala aliniambia mbele ya benchi zima la wagonjwa. "Napika kunde, anaonja, anasukuma sahani. Ati ni kama anakula karatasi."

"Si karatasi, ni katoni," Mwalimu akasema. "Karatasi nimeshaonja. Hiyo iko afadhali."

Benchi lote lilicheka, nami nikacheka. Halafu nikapata wazo, na lilinijia likiwa tamu sana.

"Mama Nanjala, kwani kwenu hamna musherekha?"

Walioolewa kwetu wanaijua. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayaweka kwenye kopo lenye matundu chini, unamwagia maji polepole, na yanayodondoka, ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo munyu, chumvi ya kienyeji. Yanalainisha mboga ngumu na kuzipa ladha. Mama mkwe wangu alitengeneza nzuri mpaka majirani walituma watoto na vikombe.

"Iko, Sista. Mamake Mwalimu ndio alinifundisha."

"Basi chumvi ya duka weka kando, tumia hiyo. Ni majivu tu, haina ile sodiamu ya dukani. Hata ukiweka kikombe kizima, hakuna shida."

Mzee mmoja mwishoni mwa benchi akasema si uongo, watu wa zamani hawakuwa wajinga. Nilifurahi sana. Nilisimama nikalirudia somo hilo kwa wote waliokuwepo, na kufundisha vipimo. Sikumwuliza daktari. Sikufungua kitabu. Sikujiuliza kitatokea wapi, na hilo swali nilikuwa nimelipigia mstari kwa mkono wangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Maji ya majivu yamejaa potasiamu. Mtu mwenye afya akiyala, figo huitoa na mkojo na hakuna anayejua. Mwalimu hakuwa na figo za kuitoa, na kile kidonge cha enalapril, ambacho ni kizuri kwa mambo mengine, huizuia isitoke. Ikijaa kwenye damu, misuli inalegea kuanzia miguuni, na moyo unapunguza mwendo mpaka usimame. Hakuna homa wala maumivu ya kukuonya. Mgonjwa anaweza kukuambia anajisikia vizuri, ila miguu tu.

Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, Mwalimu aliletwa na mkewe na kaka yake mkubwa, Simiyu, nyuma ya pikapu. Miguu ilikuwa imekataa kumbeba tangu alipoamka. Nilikuwa wodini siku hiyo. Nilishika mkono wake nikahesabu mapigo kwa dakika nzima, nikarudia, maana sikuamini. Yalikuwa thelathini na manne.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, makini sana. Alitoa damu tukaipeleka maabara. Jibu likarudi kwamba damu imeharibika, seli zimepasuka, potasiamu haisomeki sawa, leteni nyingine. Hapa nawasihi. Mkitoa damu ya potasiamu, msimfunge mgonjwa mkono kwa muda mrefu, msimwambie akunje na kukunjua ngumi, msitikise chupa. Lakini maabara wakisema damu imeharibika na mgonjwa wako ana mapigo thelathini na manne, msikae kungoja karatasi. Mtibuni mtu aliye mbele yenu. Sisi tulingoja zaidi ya nusu saa. Ya pili ilisoma nane nukta tatu. Yangu na yako haipiti tano na kidogo.

Dawa ya kuulinda moyo hapo ni kalsiamu ya mshipani, na duka la dawa halikuwa nayo. Nilikimbia wodi ya wazazi, kwa sababu huko hawakosi, wanaiweka kwa ajili ya akina mama wanaodungwa magnesiamu ya kifafa cha mimba. Jueni kila wodi inaficha nini, itawasaidia kuliko vyeti. Nilirudi na vichupa viwili, daktari akasukuma dawa polepole, mimi nimeshika mkono wa Mwalimu. Mapigo yakapanda hadi arobaini na nane, kisha sitini. Alifungua macho.

"Sista," akasema, "leo miguu imegoma kuliko walimu."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Tukampa insulini pamoja na glukosi, kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli kwa muda. Daktari alipiga simu Eldoret, kwenye mashine ya kusafisha damu, wakasema tumpeleke. Gari likaanza kutafutwa. Nilijua kalsiamu ile inashikilia moyo kwa muda mfupi tu, lakini nilikuwa na tumaini, kweli nilikuwa nalo.

Ndipo daktari alipomgeukia Mama Nanjala. Simiyu alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi.

"Mama, mzee amekuwa akikula nini?"

"Mboga tu, daktari. Kunde na mrenda. Naweka musherekha, kikombe asubuhi, kikombe jioni, ndio akule."

"Kikombe?" Daktari aliinua macho kutoka kwenye faili. "Mama, hiyo ndio imemfikisha hapa. Hiyo ni potasiamu tupu. Nani alikuambia umpatie?"

Mama Nanjala alinitazama. Hakunyoosha kidole, hakufungua mdomo, alinitazama tu. Nilikuwa na sindano mkononi. Nikainama nikaanza kurekebisha plasta ya dripu ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Ni mimi tu," Mama Nanjala akasema.

Simiyu akageuka akamwangalia shemeji yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Mwalimu Barasa alikufa saa nane mchana. Gari lilikuwa limepatikana, injini inanguruma nje. Mapigo yalianza kushuka tena, kichupa cha pili kilikuwa kimekwisha, na niliporudi mbio wodi ya wazazi kabati lilikuwa tupu. Tulimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Nje ya mlango nilimsikia Simiyu akimwambia Mama Nanjala, tena kwa sauti ya chini, "Umemaliza ndugu yangu na sahani."

Jioni ile nilimweleza metroni kila kitu, ofisini kwake, mlango umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa faili hakuna mahali umeandikwa," alisema. "Wewe nyamaza, Rodah. Unataka uende kortini sababu ya mboga?"

Nilikuwa na watoto wawili chuoni. Lakini msidhani ni hilo tu. Nilipata nafuu moyoni aliposema vile, na nafuu hiyo ndiyo inayonitia aibu zaidi ya kosa lenyewe.

Mazishini nilienda, pamoja na wenzangu wa kliniki. Mnajua kwetu, kabla ya jeneza kushuka, mtu wa familia husimama kueleza ugonjwa, watu wajue marehemu ameondoka vipi. Simiyu ndiye aliyesimama.

"Ndugu yangu hakuuawa na sukari," alisema kwenye kipaza sauti. "Sukari amekaa nayo miaka, wanafunzi wake wako hapa, wanajua. Daktari mwenyewe amesema mbele yangu. Ni chakula. Na mwenye alipika mnamjua."

Uwanja mzima uliguna. Mama Nanjala alikuwa ameketi kando ya jeneza na leso nyeusi kichwani, akainua uso, na macho yake yakapita juu ya watu mpaka yakanifikia. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilikuwa nimeshika programu ya mazishi, nikaikunja, nikaikunja tena, mpaka haikukunjika. Sikusimama.

Siku ya tatu baada ya mazishi, familia iliponyolewa nywele kumaliza matanga, walimruka. Mwuguzi mwenzangu wa Bokoli ndiye aliyenisimulia. Watoto walinyolewa, ndugu wakanyolewa, wembe ulipofika kwake Simiyu akasema inatosha. Aliondoka na nywele zake, jambo ambalo kwa mjane ni sawa na kuambiwa kifo bado kiko juu yako. Akaenda kwa dada yake Lwakhakha, mpakani.

Jumanne iliyofuata nililiambia benchi waache musherekha, wote wenye figo dhaifu. Yule mzee wa mwisho akauliza, "Si ni wewe ulisema ni nzuri?" Nikajibu, "Nilikosea." Ilikuwa rahisi kiasi kile, neno moja tu. Sikuwaambia kwamba kuna mtu amekufa, na hakuna aliyeuliza kwa nini Mwalimu haji tena, kwa sababu kwenye benchi lile watu walikuwa wamezoea kusogeleana nafasi ikibaki wazi.

Nilikaa na jambo lile miezi minane. Nilikonda. Mume wangu alifikiri nina sukari, akanilazimisha nipimwe. Mwishowe Jumamosi moja nilivaa nguo za kawaida nikaenda Lwakhakha.

Nilimpata karibu na daraja, anauza mitumba ya watoto juu ya turubai, anakunja visweta. Nywele zilikuwa zimerefuka chini ya kitambaa.

"Mama Nanjala."

"Sista." Hakushtuka. "Kaa hapo kwa gunia."

Nilimwambia yote. Kwamba nilimshauri vibaya, kwamba sikujua, kwamba nilisikia swali la daktari na nikajifanya nafunga plasta. Aliendelea kukunja.

"Hayo yote si najua," alisema. "Kwani sikuwa kwa hiyo benchi?"

"Mbona hukunitaja? Daktari alikuuliza waziwazi."

Aliweka kisweta chini. "Ningekutaja aje, na ni wewe ulikuwa umeshika sindano? Mzee wangu alikuwa kwa mikono yako. Nikikutaja, wewe uanze kutetemeka, au wakufukuze hapo, nani angemtibu? Nikasema wacha ninyamaze amalize kutibiwa. Halafu atasema mwenyewe, ni mtu mkubwa."

Alikichukua tena kile kisweta, akamaliza kukikunja.

"Nikangoja. Kwa mazishi nikakuona mstari wa tatu. Simiyu akisema ile maneno, nikasema sasa Sista atasimama. Sasa hivi atasimama." Alichukua kisweta kingine. "Na leo umekuja kuniambia mimi. Mimi nitaenda nayo wapi?"

Nililia pale kwenye gunia mbele za watu. Hakunibembeleza, na nilishukuru kwamba hakunibembeleza. Mteja alikuja, wakapatana bei ya fulana, akaondoka, nami bado nalia.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bokoli. Simiyu aliita wazee watatu, tukaketi sebuleni kwake, nikasema yale yale, mara hii bila kulia. Simiyu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, siku ya mazishi hapa kulikuwa na watu wangapi?"

"Wengi sana."

"Eeh. Bokoli yote, na Webuye, na walimu wa location nzima. Leo tuko watano. Wale wengine nitawatoa wapi bana, nikuitie uwaambie?"

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alienda Lwakhakha mwenyewe kumrudisha shemeji yake. Hospitalini nako nilisema yote, nikapata barua ya onyo, nikaondolewa kliniki kwa muda, nikapelekwa stoo kuhesabu bandeji. Metroni hakunisalimia mpaka alipostaafu. Nilizunguka makanisa mawili matatu ya Bokoli nikiomba dakika tano baada ya matangazo, nikawaeleza watu. Walinisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, kama wanavyopigia mtu yeyote wa hospitali anayekuja kuwaambia wanawe mikono.

Mtakosea, wanangu. Mtu anayegusa wagonjwa kila siku lazima atakosea, na mwili wa mtu wa figo hausamehi hata kitu kidogo. Andikeni ushauri wenu kwenye faili, hata ule wa mdomo, hata ule wa jikoni, na mtie sahihi. Ukikosea, liseme pale pale, mbele ya walewale waliokuwepo. Miezi minane ni mingi. Hata siku tatu ni nyingi.

Siku aliyorudi Mama Nanjala, nilialikwa. Wazee walimnyoa hatimaye, asubuhi, nyuma ya nyumba. Kisha akaingia jikoni mwake mwenyewe, akapika kuku wawili na ugali, kama inavyotakiwa kwa wageni. Tulikuwa watu kumi na kitu mezani na kwenye viti vya kuazima. Wakaleta maji tukanawa. Chakula kikapakuliwa. Harufu ilikuwa nzuri, nayakumbuka hata mafuta yalivyokuwa yakielea kwenye mchuzi.

Hakuna aliyeanza. Wote walimtazama Simiyu. Alimega ugali, akaufinyanga, akautoboa kwa kidole gumba, akaushika hivyo juu ya bakuli. Niliona anajitahidi, nitamtetea kwa hilo. Halafu akaurudisha kwenye sahani taratibu.

"Leo tumbo limenisumbua tangu asubuhi," akasema.

Mzee aliyefuata akasema yeye alikula kabla ya kuja. Mwingine akasema ana dawa ya minyoo, haipatani na nyama. Mwanamke mmoja akaomba maji tu. Mama Nanjala alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kichwa kimenyolewa kinang'aa, mwiko mkononi, anawasikiliza mmoja mmoja.

Nilivuta sahani yangu nikala. Nilikula yote, nikavuta na ya Simiyu nikaila, huku watu wananitazama kimya.

Mama Nanjala akasogea mpaka nilipoketi.

"Sista," akaniuliza, "nikuongezee?"

Nikamwambia aongeze.